Mjadala: Kila mgonjwa wa kiharusi apimwe CRP?

Hoja: kila anayelazwa hospitali ya rufaa ya mkoa kwa kiharusi cha kuziba mshipa apimwe CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) na uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti (aina mbili za chembe nyeupe za damu), ili familia ijue mapema atakuwaje baada ya miezi mitatu. Wapinzani wanasema ni kupoteza pesa bure.

Daktari wa wodi, Mbarara
Naunga mkono. Ubongo ukijeruhiwa, IL-6, protini ya kuashiria uvimbe, hupanda kwenye damu na ini huanza kutengeneza CRP. CRP hupanda ndani ya saa 6 hivi, hufika kilele karibu siku ya pili, na chanzo kikikoma hupungua kwa nusu kila saa 19 hivi. Tafiti nyingi zimeona kwamba walio na CRP ya juu hufa zaidi na hubaki na ulemavu zaidi. Uwiano hauongezi gharama kwa kuwa CBC (hesabu kamili ya chembe za damu) imeshachukuliwa: nyutrofili 6.0 gawanya kwa limfosaiti 1.5, unapata 4.

Mtaalamu wa maabara, Arua
Daktari, kwa fomu zinavyojazwa sasa namba hiyo itapotosha. Saa ya kuanza dalili haiandikwi. Damu iliyotolewa saa ya 3 inaonyesha mgonjwa alivyokuwa kabla ya kiharusi. Ya saa ya 48 inaonyesha jeraha pamoja na maambukizi yoyote. Hizo hazilinganishwi.

Halafu kuna kipimo chenyewe. Mipaka ya 1 na 3 mg/L ni ya CRP ya unyeti wa juu, na ni ya kukadiria hatari ya moyo na mishipa kwa mtu asiye na ugonjwa wa ghafla. CRP ya kawaida mara nyingi haisomi vizuri chini ya 5. Angalieni pia vipimio: mashine moja ikitoa mg/dL na nyingine mg/L, tofauti ni mara 10, na mgonjwa akihamishwa hospitali jibu linasomwa vibaya.

Malaria nayo hupandisha CRP. Pima malaria kwanza, ndipo uilaumu kiharusi.

Na uwiano huo si wa bure kama unavyodhani. Waafrika wengi wana damu isiyo na alama ya Duffy (protini iliyo juu ya chembe nyekundu), na nyutrofili zao huwa chini wakiwa wazima kabisa. Ukichukua mpaka uliowekwa kwa wagonjwa wa China au Ulaya, mtu wetu aliye hatarini ataonekana salama.

Muuguzi, Mbale
Mimi napinga. CRP inayopanda siku ya tatu mara nyingi ni nimonia ya chakula kilichoingia mapafuni, na hiyo tunaweza kuipunguza bila maabara. Mgonjwa asipewe kitu mdomoni, hata vidonge, kabla ya kupimwa kumeza. Awe macho, aketi wima. Mpe kijiko cha chai cha maji, mara tatu. Akikohoa, maji yakitoka mdomoni au sauti ikawa ya majimaji, acha hapo. Akivuka, mpe 50 ml kwa kikombe. Akishindwa, alishwe kwa mpira wa puani.

Watunza wagonjwa waelezwe siku hiyo hiyo, maana uji unaonyweshwa mtu akiwa amelala chali ndio unaotuumiza. Utafiti wa QASC wa Australia, 2011, uliwapa wauguzi utaratibu wa mambo matatu tu: homa, sukari na kumeza. Waliokufa au kubaki tegemezi siku ya 90 walikuwa asilimia 42, dhidi ya 58 kwenye wodi zisizo na utaratibu huo. Hakuna CRP iliyofanya hivyo.

Daktari wa wodi, Mbarara
Sista, hapo sina ubishi. Lakini CRP inaweza kutuonyesha nimonia mapema.

Mfamasia, Jinja
Ikitumika na kifua kilichosikilizwa, sawa. Namba peke yake isianzishe antibayotiki: majaribio ya PASS na STROKE-INF ya 2015 yaliwapa wagonjwa antibayotiki za kuzuia, na matokeo ya miezi mitatu hayakuwa bora. Na wanaoulizia kolchisini, dawa ya kupunguza uvimbe, wajue hili: jaribio la CHANCE-3 la 2024 lilichagua wagonjwa zaidi ya 8,000 wa kiharusi kidogo au cha kupita (dalili huisha zenyewe) wenye CRP ya 2 mg/L au zaidi, na dawa haikupunguza kiharusi cha pili ndani ya siku 90. Jaribio la CONVINCE, mwaka huo huo, halikuthibitisha kwamba dawa hiyo inasaidia. Aspirini, statini (dawa za kushusha kolesteroli) na dawa za presha mgonjwa anazipata CRP ikiwa 2 au 40. Familia inunue hizo kwanza.

Mtaalamu wa maabara, Arua
Basi CRP iombwe saa ya 48 kwa mwenye homa au anayezidi kudhoofika, saa ya dalili ikiwa kwenye fomu. Utabiri utokane na umri, fahamu na alama za NIHSS, kipimo cha ukali wa kiharusi.

Daktari wa wodi, Mbarara
Nakubali, ila uwiano uandikwe kwenye faili la kila mmoja, na siku ya 90 apigiwe simu apewe alama ya Rankin ya ulemavu, 0 (hana dalili) hadi 6 (amefariki). Bila hivyo hatutapata mipaka ya watu wetu kamwe.

Muuguzi, Mbale
Simu hizo zipewe mtu na bajeti ya muda wa maongezi. Zikiachiwa muuguzi wa zamu ya usiku mwenye wodi nzima, hazitapigwa.