Cheklisti ya thieta inajazwa mgonjwa akishatoka, tufanyeje?

Nesi_wa_Kanda
Wakuu habari za kazi. Niko thieta (chumba cha upasuaji) hospitali ya wilaya, ile cheklisti ya WHO ya usalama wa upasuaji tunayo, fomu ipo kila faili, ila watu wanatiki zote mgonjwa ameshafika wodini, na ukisema tusimame kwanza tuisome unaambiwa kesi ni nyingi usitucheleweshe. Inaniuma sana maana anayelala pale ni mama wa mtu. Kwenu mnafanyaje?

Nusukaputi
Pole sana. Kwetu ilikaa sawa bosi wa thieta alipotangaza mbele ya wote kwamba rana, yule nesi wa kuzunguka na kuleta vitu, ndo anasoma kwa sauti, na skrabu nesi, yule anayempa daktari vifaa, hatoi kisu mpaka rana amalize. Mara tatu tu, kabla sijamlaza kwa dawa ya usingizi, kabla ya kuchana, na kabla hajatoka. Hiyo ya kwanza mgonjwa bado yuko macho, mwache ataje jina lake mwenyewe na anafanyiwa nini, usimuulize "wewe ndo Asha eeh" maana mtu akiwa na hofu anaitikia tu. Pale MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, 2007 wa goti alipasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. KNH, Hospitali ya Kenyatta Nairobi, 2018 wakafungua kichwa cha mgonjwa siye.

Mwana Ulanga
Na asikwambie mtu hayo ni mambo ya Ulaya, Ifakara ilikuwa kati ya hospitali 8 zilizoijaribu duniani, matokeo yalitoka 2009, ukizijumlisha zote vifo vilishuka toka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mwonyeshe daktari wako.

Skrabu
Msijisahau na nyie wenyewe jamani. Kwetu kisu na sindano hatupeani mkono kwa mkono, naweka kwenye kidishi, natamka "kisu", yeye anachukua, akimaliza anarudisha humohumo. Ukichomwa osha kwa maji na sabuni, usikamue, ripoti hapohapo, PEP, dawa za kuzuia VVU, mwisho saa 72 lakini usisubiri kabisa, kila saa ina maana. Na chanjo ya homa ya ini B mmalize dozi zote 3. Gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, tunahesabu wawili kwa sauti, hesabu ikigoma tumbo halifungwi hata daktari akasirike vipi.

Nesi_wa_Kanda
Asanteni sana, nampelekea bosi wiki hii. Na emajensi za usiku je, mama anavuja damu?

Nusukaputi
Hiyo ndo usiiruke kabisa mdogo wangu. Soma huku mnaandaa, ni nani, damu ipo, saksheni ya kunyonya damu inafanya kazi, oksimita ya kupima oksijeni iko kidoleni. Haifiki hata dakika mbili.