Sheria ya chapa kwenye bastola California: tangu 2007 tunapigwa danadana huku watu wanazikwa

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mwaka 2007 Gavana Arnold Schwarzenegger, tena wa chama cha Republican, alisaini sheria ya AB 1471. Pini ya kufyatulia ya bastola mpya inayojipakia yenyewe ichongwe kwa leza maandishi madogo kabisa: kampuni, modeli na namba ya silaha. Ukifyatua, pini inagonga kitako cha ganda la risasi na kuacha namba pale. Muuaji anatoroka na bastola yake, ganda linabaki chini na namba yake. Kuna ugumu gani hapo?

Sheria ikasubiri hadi Mei 2013 ndipo jimbo likathibitisha kuwa hakuna hataza inayozuia teknolojia hiyo. Januari 2014 kampuni za bastola za Smith & Wesson na Ruger wakatamka wazi kuwa hawaweki chapa. Wakabaki kutuuzia matoleo ya zamani yaliyokuwa tayari kwenye orodha ya jimbo ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa. Karibu miaka 10 haikuingia bastola mpya hata moja ya aina hiyo! Watengenezaji wakaenda mahakamani, wakashindwa mbele ya Mahakama ya Juu ya California mwaka 2018. Machi 2023 jaji wa shirikisho akaisimamisha sheria. Septemba hiyo hiyo Gavana Newsom akasaini nyingine ya chapa hiyo hiyo, SB 452: tusubiri 2028, na hapo napo mpaka wizara ya sheria ya jimbo iridhike kwamba teknolojia inafaa.

Mtaani kwetu kijana wa jirani alipigwa risasi nje ya duka. Nilisimama nyuma ya utepe nikaona maganda yamewekewa vibao vya namba vya njano, moja liko mtaroni kabisa. Mama yake hadi leo anaambiwa maganda hayajaoanishwa na silaha yoyote. Nenda kamweleze huyo mama habari za gharama za kiwandani wanazolalamikia watengenezaji.

Najua mtakachosema. Kwamba mhalifu ataisugua pini kwa tupa. Wapo watakaofanya hivyo, ila wanaofyatua kwa hasira usiku kwenye maegesho hawana maandalizi hayo. Kwamba bastola nyingi za uhalifu zimeibwa. Sawa, lakini namba inakupeleka kwa mnunuzi wa kwanza, na hapa tangu Julai 2017 mwenye silaha analazimika kuripoti wizi ndani ya siku 5. Asiporipoti, aulizwe. Revolva haitemi maganda, hilo nakubali, na sijawahi kusema chapa inamaliza kila kesi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba polisi wa jimbo hili wanaruhusiwa kununua bastola zisizo kwenye orodha ile. Watengenezaji hawakupoteza mteja wao mkubwa, wangeogopa nini? Jimbo lingekataa kununua hata moja isiyo na chapa, tungeona kama isingetengenezwa.

Mlioko California, mbunge wenu wa jimbo amewajibu nini kuhusu 2028? Wangu sijapata hata barua.