Gawio la SACCOS linapishana kwa senti: BigInt, decimal.js au BCMath?

Mjukuu_wa_Pangani
Wakuu, heshima kwenu. Natengeneza mfumo wa SACCOS moja ndogo, PHP kwenye seva, JavaScript kwenye kivinjari. Nikigawa gawio la mwaka, jumla ya wanachama haifiki kiasi kilichopitishwa na mkutano mkuu. Mhasibu wao, mama mmoja mkali, ameshanirudishia karatasi mara tatu: "Kijana, senti haiyeyuki." Nikafungua konsoli, nikaandika 4.35 * 100, ikaja 434.99999999999994! Nishike lipi: BigInt au decimal.js za upande wa JavaScript, au BCMath ya upande wa PHP?

Kobe_Mwendopole
Si ugonjwa wa mashine yako mkuu. JavaScript hutunza namba kwa biti 64 za kiwango cha IEEE 754, kwa msingi wa mbili (0 na 1 tu), na humo 4.35 haiingii kamili, kama theluthi isivyoisha ukiiandika kwa desimali. BigInt, aina ya namba iliyoingia na ES2020 (toleo la JavaScript la 2020), ni ya namba nzima tu: 5n / 2n inatoa 2n. Ukihesabu kwa senti inafaa, ila kwenye asilimia utahangaika. Halafu JSON.stringify, ile ya kugeuza data kuwa maandishi ya kutuma, ikikutana nayo inagoma.

FundiSeva
Pesa usiihesabie kwenye kivinjari kabisa, chenyewe kionyeshe tu. Hesabu ifanyike kwenye seva kwa BCMath, nyongeza ya PHP ya hesabu za desimali, na kwenye hifadhidata ya MySQL safu iwe DECIMAL, inayotunza desimali kamili. FLOAT, inayotunza kwa kukaribia, ndiyo mchawi wako. Angalizo: BCMath inakata, haikadirii. bcdiv('2', '3', 2) inakupa 0.66. Ile 2 ya mwisho, idadi ya desimali, ukiisahau, kwa kawaida desimali zote zinakwenda na maji. PHP 8.4 wameongeza bcround ya kukadiria, wa matoleo ya nyuma tunajiandikia wenyewe.

Mjukuu_wa_Pangani
Lakini decimal.js, maktaba ya desimali ya JavaScript, niliijaribu jana, bado uchafu ule ule. Niliandika new Decimal(0.1 + 0.2).

Kobe_Mwendopole
😂 Umefunga mlango mwizi yuko ndani! Jumla imeharibika kabla decimal.js haijaiona. Mpe maandishi: new Decimal('0.1').plus('0.2'), utapata 0.3 safi. Ila kwa kuonyesha tu hata big.js, maktaba nyingine ya aina hiyo, inatosha, ni nyepesi. Sini na kosini za decimal.js SACCOS wazifanyie nini?

Mhasibu_Mstaafu
Wanangu, kompyuta siijui sana, lakini hebu gawa 100,000 kwa watu watatu. Kila mmoja 33,333.33, jumla 99,999.99. Hapo hakuna programu ya kukuokoa, hata mimi kwa kalamu ilinibaki. Ile senti lazima iwe na mwenyewe, na mwenyewe anaandikwa kwenye masharti ya chama. Kamuulize huyo mama.

Mjukuu_wa_Pangani
Shikamoo mzee. Nimempigia sasa hivi. Inaingia kwenye akiba ya chama, na amenitajia mpaka ukurasa, nami sikuwahi kuufungua. Usiku huu nahamisha safu zote kwenda DECIMAL, kesho nampelekea karatasi ya nne.