Leseni ya Windows kwenye mashine nyingine: ya boksi, iliyomo kwenye bodi, au za bei chee?

MwenyeSteshenari: Wakuu, habari za saa hizi. Umeme umenikaangia bodi ya dekstopu ya steshenari. Ilikuwa mashine ya kuunganishwa, na Windows 10 Pro yake niliinunua ya boksi kabisa, kadi yenye zile herufi 25 ninayo. Baadaye nikaipandisha kuwa 11. Sasa nimechukua HP EliteDesk 800 G4 ya mtumba. Fundi wa jirani anasema leseni imekufa na bodi, nimpe hela aniwekee "ya kudumu". Mwingine anasema ninunue ufunguo mtandaoni kwa bei ya soda mbili. Nishike lipi?

FundiKona: Jirani amechanganya leseni mbili. Ile inayokuja na mashine kutoka kiwandani, OEM, kweli inazikwa na bodi yake. Ya boksi ni yako: unaihamisha, mradi iwe kwenye mashine moja tu kwa wakati. Bodi ingekuwa hai ungeanza kule kwa amri ya `slmgr /upk` kuuondoa ufunguo. Kwa kuwa imeshakufa, piga window upya kwenye HP uandike zile herufi 25. Ufunguo wa 10 unakubali kwenye 11. Ikikuletea 0xC004C008, maana yake ufunguo unahesabika bado uko kule. Kama leseni uliiunganisha na akaunti ya Microsoft, ingia kwa akaunti hiyohiyo, nenda Settings, System, Activation, halafu Troubleshoot, uchague kwamba umebadilisha vifaa.

BeiChee: Mnamsumbua bure. Mimi ofisi nzima ni KMS, mashine zinapiga kazi, sijatoa hata mia.

BintiMifumo: BeiChee, andika `slmgr /xpr` kwenye mojawapo utuletee jibu. KMS ni ya makampuni yenye seva yao: inatoa siku 180, na kabla hazijaisha mashine lazima irudi kwenye seva kuomba tena. Seva yako wewe ni ya nani? Na hicho kiprogramu ulichoamilishia si kilikutaka uzime Defender, kinga ya virusi ya Windows, kwanza? Steshenari watu wanaleta vyeti na vitambulisho kwenye flashi, mimi siweki kitu hicho hata kwa kulipwa. Hizo funguo za bei ya soda ni hivyohivyo. Unaweza kuuziwa ufunguo wa MAK, yaani mmoja wa kuamilisha mashine nyingi za kampuni fulani, umeshagawiwa watu kibao. Leo unakubali, kesho 0xC004C003, umefungiwa, na muuzaji keshabadili jina.

MzeeWaMint: Achana na Windows, weka mfumo wa bure wa Linux Mint ulale usingizi.

BintiMifumo: Nyumbani sawa, mzee wangu. Ila mteja akileta CV ya Word, jedwali likahama ukurasa wa pili, lawama zinamwangukia nani?

MwenyeSteshenari: Kabla sijafuta chochote nimeandika `slmgr /dli` kwenye HP. Inasoma VOLUME_KMSCLIENT.

FundiKona: Hiyo ni KMS ileile. Ama imebaki ya kampuni ilikotoka, au aliyekuuzia kaiweka kiujanja. Kwa vyovyote vile si yako. Sasa fungua PowerShell, andika `(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`.

MwenyeSteshenari: Imeleta herufi 25! Si zile za kadi yangu.

FundiKona: Hiyo ndiyo leseni ya HP yenyewe, imo ndani ya bodi tangu kiwandani. Basi boksi usiliguse bado. Piga window kwa flashi ya GB 8; huenda hata isikuulize ufunguo, ikipata intaneti inajiamilisha. Angalia tu imejiweka toleo gani. Ikijiweka Home, na wewe una kawaida ya kuingia mashine ya dukani kwa Remote Desktop ukiwa nyumbani, Home haipokei. Hapo ndipo uandike ufunguo wa boksi, itapanda kuwa Pro bila kupiga upya. G4 umechagua vizuri, G3 haimo kwenye orodha ya prosesa za Windows 11.

Kibandiko7: Mimi nina kibandiko cha Windows 7 Pro, ufunguo wake bado unapita kwenye 11?

BintiMifumo: Njia hiyo Microsoft waliifunga Septemba 2023. Na usihangaike na programu za kuchimbua ufunguo kwenye mashine iliyopandishwa bure. Ukiona unaishia na 3V66T, huo ni wa Pro zote za namna hiyo duniani, hauhamishiki.

MwenyeSteshenari: Imeingia Pro, sijaandika ufunguo wowote, na `slmgr /dli` sasa inasoma OEM_DM, yaani ile ya kwenye bodi. Boksi limebaki. Naweza kumpa mdogo wangu?

FundiKona: Unaweza, maadamu wewe ndiye mnunuzi wa kwanza na hubaki unaitumia popote. Mpe na kadi yenyewe, siyo picha ya WhatsApp.