Fimbo za pazia za kuvuta zinazouzwa Lamu na Malindi: acheni kutuuzia vitu visivyofaa kuta zetu wala hewa yetu

UkutaWaMawe (Mkomani, Lamu)

Assalaam aleikum wadau. Uzi huu naufungua kwa hasira na sitaficha.

Ingia duka lolote la vifaa hapa mjini, au vuka uende Malindi, utapewa fimbo ya aina moja tu: ile ya kuvuta. Mabomba mawili, moja ndani ya jingine, braketi mbili zenye mkono wa kuingiza na kutoa, skrubu nne, plagi nne za plastiki za kushikia skrubu ukutani. Boksi limeandikwa sentimita 120 hadi 210 na muuzaji anaapa kwamba inaingia dirisha lolote. Kuingia inaingia. Kukaa haikai. Msimu wa kusi haujamalizika, pazia liko chini na lipu imebanduka nalo, kisha lawama zote anabebeshwa fundi.

Tuanze na hiyo 210. Chukua mabomba mawili ya mita 1.1 kila moja, la nje milimita 19 na la ndani milimita 16. Ukiyavuta hadi sentimita 210 yanabaki yameshikana sentimita 10 tu, tena karibu na katikati, pale pale ambapo mzigo hulemea zaidi. Bati lake ni nusu milimita, pengine halifiki. Bomba la ndani linakula ukingo wa la nje, kiungo kinalegea, fimbo inabonyea na hairudi tena. Nafasi kati ya braketi ikiongezwa mara mbili, bomba lile lile lenye pazia la uzito ule ule kwa kila mita hupinda mara 16. Si mara mbili, ni mara 16! Anayeuza fimbo ya mita mbili na ushee pamoja na braketi mbili peke yake anauza kitu ambacho lazima kizame.

Kipimo cha haki ni hiki: toa sentimita 20 hadi 30 kwenye namba kubwa ya boksi, na fimbo ikipita mita 1.2 weka braketi ya katikati. Sasa jaribu kuitafuta hiyo braketi ya tatu. Ndani ya boksi haimo, na ukiiomba peke yake unaambiwa ununue boksi zima. Huu ni wizi wa mchana.

Mkono wa braketi nao wanausifia kwamba unatoka hadi sentimita 15. Hebu tupige hesabu. Dirisha la mita 1.5 linataka kitambaa cha upana wa mita 3 ili pazia liwe na mikunjo. Urefu mita 2.3, kitambaa cha gramu 300 kwa mita ya mraba: hapo pana kilo 2. Ongeza shia (lile pazia jepesi la kupenya mwanga) na fimbo yenyewe, ni kilo 3, yaani kilo moja na nusu kwa kila braketi. Skrubu mbili za braketi zimeachana sentimita 2.5. Mkono ukiwa umetoka sentimita 10, skrubu ya juu inavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kilo 6. Utoe hadi 15, ni kilo 9. Hapo pazia limetulia. Mtoto akilivuta, au upepo ukilijaza, kila kilo inayoongezeka inafika kwenye skrubu ile ikiwa mara sita. Na mkono wote unazuiwa na kiskrubu kimoja cha milimita 4 ambacho hujilegeza chenyewe kwa mtikisiko.

Sasa plagi, na hapa ndipo ninapoudhika zaidi. Plagi ya pakitini ni ya milimita 6, urefu sentimita 3. Imetengenezewa tofali gumu au zege. Nyumba zetu za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, na lipu peke yake hufika sentimita 2 hadi 3. Maana yake plagi yote, au karibu yote, imeishia kwenye lipu, jiwe haijalishika! Skrubu ikikazwa plagi inazunguka, lipu inakuwa unga, na fundi asiyejua anaongeza shimo la pili kando ya la kwanza.

Chuma chenyewe ni hadithi nyingine. Braketi nyingi ni zinki ya kumimina iliyopakwa kromu. Chumvi ya hewani inapenya kwenye kila kijitundu cha kromu, unaanza kuona unga mweupe, halafu mkono unakatika. Bomba ni chuma chembamba kilichopakwa rangi kwa nje. Kwa ndani ni kitupu, kwa hiyo kutu inaanzia kusikoonekana.

Ninachodai kwa wenye maduka: waseme unene wa bati, waseme braketi ni madini gani, na wauze braketi moja moja. Mzigo wa Lamu unavuka kwa boti kutoka Mokowe, kisha punda au mkokoteni. Kurudisha boksi bovu si safari ya dakika tano.

Fundi_Langoni (Lamu)

Umenena. Naongeza upande wa ukuta, maana ndio unaotuharibia jina.

Kwenye ukuta wa matumbawe usitumie drili ikiwa kwenye kugonga. Jiwe lina sehemu ngumu na sehemu zenye vishimo, ukiligonga linapasuka kwa ndani na tundu la milimita 8 linakuwa kama kikombe. Izungushe tu, polepole. Kwanza gonga lipu kwa kidole: ikilia kama kitu kitupu ndani, imeachana na jiwe, hama hapo. Toboa tundu la majaribio kwa biti ya milimita 5. Vumbi jeupe laini ni chokaa. Zikianza kutoka chembe ngumu kama mchanga umefika kwenye jiwe. Kutoka hapo ingia sentimita 5 zaidi. Tundu zima linafika sentimita 8. Usitoboe karibu na ukingo wa dirisha kwa chini ya sentimita 10, ukingo humeguka.

Plagi za pakitini zitupe. Toboa milimita 12, puliza vumbi lote, pigilia kigingi cha mbao ngumu iliyokauka, mvule au mbambakofi, kilichochongwa kikiwa chembamba kidogo mbele. Kikate sawasawa na ukuta, kitoboe njia ya milimita 3, ndipo ufunge skrubu ya milimita 5 kwa 60. Mbao mbichi haifai, ikikauka inasinyaa na kuchomoka.

Lililo bora kuliko yote ni ubao. Ubao wa unene wa sentimita 2.5 na upana wa sentimita 10, urefu wake upite fimbo kidogo kila upande. Unaufunga ukutani kila baada ya sentimita 40, na wewe ndiwe unayechagua pale penye jiwe zima. Ukuta haujanyooka, kwa hiyo tia vipande vyembamba vya mbao nyuma ya ubao mpaka pimamaji itulie. Ukiukaza bila hivyo unajipinda na braketi zinatazama pande tofauti. Kisha braketi unazifunga kwenye ubao popote, hata tatu, hata nne. Pakeni ubao rangi ya ukuta, hauonekani.

Mashimo ya zamani jazeni kwa chokaa na mchanga. Tafadhali msitie saruji. Saruji inazuia unyevu kutoka, chumvi inajikusanya pembeni yake na lipu yote inayozunguka inaanza kumomonyoka.

DukaniDaima

Mnatulaumu sisi tu. Duka huleta kile kinachonunuliwa. Mkiletewa fimbo ya shaba au stenlesi mnaiangalia bei mnaondoka. Za kuvuta ni nyepesi kusafirisha, boksi moja linatosha madirisha tofauti, na wateja wenyewe ndio wanaoziulizia.

UkutaWaMawe

Ndugu yangu, bei si hoja. Hakuna aliyekataa kitu cha bei nafuu. Tunakataa kitu cha bei nafuu kinachoandikwa 210 wakati kinafaa hadi 180 na kinahitaji braketi tatu. Ukimwambia mteja ukweli huo atanunua fimbo ile ile, ataongeza braketi moja, na hatarudi kukugombeza. Kuiuza hiyo braketi peke yake kunakupunguzia nini?

Kwa wanunuzi: nendeni na sumaku ndogo. Ikishika bomba lenye mng'aro, ni chuma kilichopakwa kromu. Isiposhika, usifurahi bado, kwa sababu hata zinki haishikwi. Kwaruza kidogo kwa ncha ya msumari sehemu ya nyuma isiyoonekana: ukiona manjano ni shaba, ukiona kijivu laini ni zinki. Stenlesi ina aina zake kwa namba: ya 316 ndiyo inayovumilia bahari. Ya 304 hutoka madoa ya rangi ya chai lakini mwili wake hubaki mzima, na kwa ndani ya nyumba inatosha ukiifuta kwa kitambaa kibichi mara kwa mara. Pia usifunge skrubu za stenlesi kwenye braketi ya zinki palipo na hewa ya chumvi. Zinki ndiyo inayoliwa, na inaliwa haraka zaidi kwa sababu ya ile stenlesi.

Maweni254 (Malindi)

Huku kwetu kwenye nyumba mpya balaa ni kinyume. Juu ya dirisha pana linta ya zege yenye nondo, na juu ya linta ni mawe ya kukatwa. Fundi anatoboa zege kwa drili isiyogonga, biti inaungua, au anakuta nondo, basi anahamisha tundu juu kidogo. Braketi moja iko kwenye zege, nyingine kwenye jiwe, fimbo imeinama.

Kwenye zege drili lazima igonge, biti iwe ya zege, na plagi ya milimita 8 inashika vizuri. Piga mstari kwa pimamaji kwanza, toboa matundu yote ya majaribio kabla ya kufunga hata skrubu moja. Ukigonga nondo, hamisha mstari mzima, si tundu moja. Ukipanda hadi kwenye mawe, zima kugonga.

Mshonaji_Shela (Lamu)

Mimi nasema kwa upande wa kitambaa. Pazia la ringi kwenye fimbo ya kuvuta linakwama pale bomba nene linapoishia. Watu wanazungushia tepu, na joto letu linayeyusha gundi yake, ringi zinanata na kitambaa kinachafuka.

Dawa yake ni msumeno wa chuma. Dirisha likihitaji fimbo ya sentimita 150, kata bomba nene libaki sentimita 75. Bomba jembamba la 110 litaonekana 75 na litabaki 35 ndani ya jenzake. Sasa kiungo kimekaa katikati kamili. Pazia la kushoto linatembea kwenye bomba nene, la kulia kwenye jembamba, na hakuna linalovuka ukingo. Kata upande wa kifuniko cha ncha, sio upande wa kiungo, ila hakikisha kwanza kifuniko ni cha kusukuma, si cha kuzungusha. Piga tupa na msasa, kisha paka rangi pale palipokatwa kabla chumvi haijapaona.

Braketi ya katikati iwekwe chini ya bomba nene, karibu kabisa na ukingo. Mapazia yakiwa mawili haizuii kitu. Likiwa pazia moja la ringi linalovuka dirisha zima haliwezi kupita hapo, basi msinunue fimbo ya kuvuta kabisa. Chukueni bomba moja zima la milimita 25 au zaidi.

Jambo jingine: braketi zote mbili zimetengenezewa bomba nene, kwa hiyo upande mwembamba unacheza na kugonga usiku kucha. Kata kipande cha mpira wa maji, kipasue, kivike bomba pale linapolala. Msikaze kiskrubu kwa nguvu, bati litabonyea.

Kijana_wa_Langoni

Na zile fimbo za springi zisizohitaji kutoboa? Madirisha ya nyumbani yana kina kirefu, nilidhani zingefaa.

Fundi_Langoni

Kwa shia nyepesi peke yake, mwanangu. Fimbo ile inashikwa na msukumo kwenye kuta mbili zinazotazamana, na kuta za zamani hazitazamani sawasawa. Pima upana mara mbili pale pale fimbo itakapokaa: karibu na kioo au nondo za dirisha, na karibu na chumba. Vipimo vikipishana, mpira wa ncha utateleza kuelekea upande mpana. Juu ya chokaa ya kupaka ndiyo kabisa, mpira unashika unga, haushiki ukuta. Bandika vibao viwili vidogo vya mbao kwa skrubu, kila kimoja kikiwa na kishimo cha kina cha milimita 5 cha kupokea ncha. Ukishafika hapo umeshatoboa, basi afadhali uchonge vishimo vinavyotosha bomba la kawaida, uachane na springi ambayo itashika kutu ndani.

Na kama ni pazia la kuviringisha lenye kamba ya mzunguko, kamba hiyo ifungwe kwenye kishikio ukutani, sentimita 150 au zaidi kutoka sakafuni. Kitanzi kinachoning'inia kimewahi kunyonga watoto wadogo. Kishikio hicho nacho kiuzwe na pazia, wasituambie tena kwamba ni boksi jingine.