Kwa nini rekodi zote za mizani zinaonyesha uzito wa kreti ya mwisho?

Kirumba_Mwaloni:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninahudumia programu ya Python inayosoma mizani ya kidijitali hapa mwaloni Kirumba, jijini Mwanza. Kila kreti ya sangara inapopimwa, kompyuta hupokea kwa waya ujumbe wa baiti 6: alama ya mwanzo, namba ya mizani, namba ya kreti, baiti 2 za uzito kwa gramu, na baiti moja ya uhakiki. Programu huandaa `bytearray` moja ya baiti 6, iitwayo `bafa`, huijaza upya kwa `readinto` kila ujumbe unapofika, kisha huiingiza kwenye orodha kwa `append`. Uzito unaoonekana kwenye skrini wakati wa kupima ni sahihi, lakini orodha inapochapishwa jioni, mistari yote ina uzito wa kreti ya mwisho. Nikiweka `bytes` mahali pa `bytearray`, `readinto` inakataa kwa `TypeError`. Naomba kueleweshwa tofauti ya aina hizi mbili na ipi inafaa hapa.

Nyegezi_Juu:

Ndugu wa Kirumba, mizani yako ni nzima na waya hauna tatizo. Orodha ya Python haihifadhi baiti zenyewe, inahifadhi rejeo la mahali zilipo kwenye kumbukumbu. Kwa kuwa `bafa` ni moja tangu asubuhi, kila `append` imeongeza rejeo jingine la kitu kilekile, na `readinto` inapoandika uzito mpya juu ya ule wa zamani, mistari yote iliyotangulia hubadilika pamoja nayo.

Chukua kreti ya gramu 31,450. Mizani ikitanguliza baiti ya thamani ya juu, yaani ile inayozidishwa kwa 256, itatuma 122 kisha 218, kwa sababu 122 mara 256 ni 31,232, na ukiongeza 218 unapata 31,450. Kreti inayofuata ikifika, nafasi hizohizo mbili huandikwa namba nyingine, na hakuna mahali popote ambapo 122 na 218 zimebaki.

`bytes` haibadiliki baada ya kuundwa, ndiyo maana `readinto` iliikataa: fanksheni hiyo inahitaji mahali panapoandikika. Endelea kupokea kwa `bytearray`, lakini wakati wa kuhifadhi andika `orodha.append(bytes(bafa))`. Hapo Python hunakili baiti 6 kwenye kitu kipya ambacho hakuna sehemu ya programu itakayoweza kukigusa. Ukiandika `bafa[:]` utapata nakala pia, ila itakuwa `bytearray` nyingine inayoweza kubadilishwa, nami nisingependa rekodi ambayo mvuvi atalipwa kwayo iwe katika hali hiyo.

Nansio_Ukerewe:

Ninaunga mkono maelezo hayo. Aina zote mbili zimo katika Python 3 tangu toleo la 3.0 la mwaka 2008, na kila moja ina kazi ambayo nyingine haiiwezi. `bytes` inaweza kuwa ufunguo wa kamusi (`dict` ya Python), kwa hiyo ukitaka kugundua ujumbe uliokwisha kupokelewa unaweza kuutafuta moja kwa moja. `bytearray` haikubaliwi kuwa ufunguo, kwa kuwa ufunguo ukibadilika ndani ya kamusi hautapatikana tena. Hata hivyo, ukizilinganisha kwa `==` zikiwa na baiti zilezile, jibu ni kweli.

Jihadhari zaidi na `+=`, maana inaandikwa vilevile kwa aina zote mbili ilhali matokeo yake ni tofauti. Kwa `bytes` huundwa kitu kipya na cha zamani hubaki kilivyokuwa. Kwa `bytearray` kilekile hurefushwa, na kila jina linalokielekea litaona urefu mpya.

Musoma_Ziwani:

Wapo watakaokushauri kutumia `memoryview` ili usinakili chochote. Ni chombo kizuri kwa picha au faili kubwa, lakini hapa kitarudisha tatizo lilelile, kwa sababu ni dirisha la kutazamia `bafa` na si nakala yake. Tena, dirisha hilo likiwa wazi, ukijaribu kurefusha au kufupisha `bytearray` utapata `BufferError`.

Kirumba_Mwaloni:

Nawashukuru sana. Nimeweka `bytes(bafa)`, na sasa kila mstari unabaki na uzito wake. Kompyuta ya hapa ina kumbukumbu ndogo. Je, kunakili kila ujumbe hakutailemea?

Nyegezi_Juu:

Haitalemewa. Katika CPython (Python ya kawaida) ya biti 64, `bytes` tupu huchukua baiti 33, hivyo ujumbe wako wa baiti 6 unachukua 39, na orodha huongeza 8 za rejeo. Hata mkipima kreti 5,000 kwa siku, jumla ni takriban baiti 235,000, kiasi kidogo kuliko picha moja ya simu. Kinachostahili hofu zaidi ni umeme kukatika kabla ya jioni: andika kila rekodi kwenye faili mara tu inapoingia, nayo faili iliyofunguliwa kwa `'ab'`, yaani kwa kuongeza baiti mwishoni, itaipokea `bytes` hiyo kama ilivyo.