Sensa ya kina cha maji Mto Msimbazi: tuifunge wapi, na king'ora kilie maji yakifika wapi?

mdau_bondeni
Wakuu, salaam. Kamati ya mtaa huku Kigogo, Dar, inataka kufunga sensa ya kina cha maji mtoni kabla ya masika. Vifaa: sensa ya mawimbi ya sauti JSN-SR04T, bodi ya ESP32, modemu ya SIM800L ya kutuma ujumbe kwa laini ya simu, betri mbili za 18650 na paneli ya wati 6. Hela inatosha seti moja, tukijibana mbili. Wengi wanataka ikae darajani hapa hapa kila mtu aione. Je, ni mahali sahihi? King'ora kilie maji yakifika wapi? Na kwa nini mezani inapima vizuri, ikitoka nje vipimo vinarukaruka?

waya_mwekundu
Naanza na la mwisho, lina sababu zaidi ya moja.

Joto kwanza. Sensa hii hupima umbali kwa muda ambao sauti inagonga maji na kurudi. Kwenye nyuzi 20 sauti hukimbia takriban mita 343 kwa sekunde, kwenye nyuzi 32 inakaribia 351. Programu iliyoandikiwa 343 itakosea asilimia 2 hivi mchana wa Dar, yaani kama sentimita 8 kwa umbali wa mita 4. Weka kipimajoto cha DS18B20 kwenye kivuli, programu isahihishe yenyewe. Ikizidi mita 4 kutoka sensa hadi majini, usiiamini.

Pili, takataka. Chupa na matawi yakipita chini yake, sensa inapima chupa. Chukua vipimo 15 mfululizo, vipange, beba cha katikati. Usitafute wastani, kipimo kimoja cha kijinga kinauharibu wote. Sensa itokeze kwa mkono wa bomba katikati ya nguzo mbili, kwa sababu maji hujikusanya na kupanda pale yanapogonga nguzo.

Tatu, na hili ndilo huua mitambo mingi: SIM800L ikirusha ujumbe hunyonya hadi ampea 2 kwa kitambo kidogo. Waya ukiwa mrefu na mwembamba volti zinaporomoka, modemu inajizima na kujiwasha. Funga kapasita (kifaa cha kuweka akiba ndogo ya umeme) ya mikrofaradi 1000 palepale kwenye miguu ya modemu, waya uwe mnene na mfupi.

Halafu kuna mtego: JSN haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hadi 25. Mafuriko yakipanda hadi hapo inaanza kutoa namba za ajabu, saa ileile mnayoihitaji. Ifungeni juu zaidi ya alama ya mafuriko makubwa mnayoyajua. Waya uning'inie kama tumbo kabla ya kuingia kwenye boksi, maji ya mvua yadondoke nje. Na kagueni mdomo wa sensa kila wiki, nyigu wanapenda sana kujenga humo.

mkondo_wa_chini
Mkuu mdau, sensa ya Kigogo itawaambia watu wa Kigogo kwamba Kigogo kumejaa maji. Hilo miguu yao itawaambia bure. Ipelekeni juu, upande wa Ulongoni au Tabata, maana Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu. Seti ya pili, ikipatikana, ndiyo ikae kwenu.

Muda ndio mali. Tuseme kilele cha maji kinachukua dakika 100 kutoka sensa ya juu hadi kwenu. Sensa inapima kila dakika 10, unasubiri kipimo cha pili kuthibitisha, mwenyekiti wa mtaa anapigiwa hadi apatikane, wajumbe wanapita nyumba kwa nyumba dakika 30. Zikibaki 40 za kuhamisha watoto na wagonjwa mmebahatika. Hiyo 100 msinikope mimi: andikeni saa ya kilele juu na saa ya kilele chini kwa mvua tano au sita, mtapata yenu.

King'ora sasa. Tafuteni nyumba inayoingiwa maji kabla ya zote. Kwa mpira wa levo wa mafundi ujenzi hamisheni urefu wa kizingiti chake hadi kwenye nguzo ya daraja lenu, mpige rangi. Kisha angalieni juu kulikuwa na kina gani maji yalipogusa rangi ile. Msimu wa kwanza msiunganishe king'ora kabisa, ujumbe uende kwa watu watano tu. Kikilia bure mara tatu, ya nne hakuna atakayetoka kitandani. Tazameni pia kasi ya kupanda: sentimita 30 ndani ya dakika 20 ni habari nzito hata kama kina bado kidogo.

Msimbazi unabeba mchanga mwingi. Sakafu ya mto inapanda na kushuka, kwa hiyo kina cha mwaka jana si maji ya mwaka huu. Pimeni upya baada ya kila mvua kubwa.

mpwa_na_jaa
Nyongeza kwa walioko Jangwani kushuka hadi Selander, mto unapoingia baharini: huko bahari ina neno lake. Wakati wa bamvu, mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa Dar hupita mita 3. Mvua ikikutana na bahari iliyojaa, mto hauna pa kutokea. Wekeni jedwali la bandari la maji kujaa na kupwa kwenye programu. Pia sensa ya Ulongoni haioni Mto Ng'ombe, ule unaopita Tandale na kuingia Msimbazi chini ya hapo.

Msitangaze "mvua kubwa inakuja". Hiyo ni kazi ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, na wao huita mvua kubwa ile inayopita milimita 50 kwa saa 24. Milimita 50 kwenye kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50, maboza 5,000 ya lita 10,000. Ninyi tangazeni kina cha mto tu, kupitia serikali ya mtaa.

mdau_bondeni
Asanteni wakuu. Basi ya kwanza inakwenda juu. Mnara wa simu ukizimika umeme umekatika, je?

waya_mwekundu
Sensa itume "nipo" kila dakika 15. Kimya cha dakika 45 wakati mvua inanyesha mkihesabu kama hatari. Na mtafuteni mtu anayeishi karibu na daraja la huko juu lenye sensa, mwenye tochi, awasomee alama za kina mtakazopiga rangi kwenye nguzo yake. Mkimlipa vocha kila mwezi ni rahisi kuliko modemu ya pili.